Hubara Juu ya Mlingoti

Majani ya mtende yakilowekwa maji yananuka kama mbwa aliyenyeshewa. Najua kuna watu wanaoipenda harufu hiyo. Juzi nilipita sokoni hapa Doha na rafiki yangu, tukamkuta mzee amekaa kwenye kigoda anasuka vikapu vya kuwauzia watalii, ndoo ya majani yanayolainika iko kando yake. Rafiki yangu akavuta pumzi, akafumba macho, akasema, "Hii inanikumbusha nyumbani." Nikamwambia mimi inanikumbusha ujinga. Alicheka akidhani natania. Sikumngoja anunue.

Nimechoka na jinsi watu wa rika langu wanavyokumbuka. Sisi tuliolelewa kwenye maghorofa ya Al Rayyan, watoto wa wauguzi na wahasibu, tukikutana siku hizi kila mmoja ana baba shujaa. Baba aliyejinyima, baba aliyenyamaza kwa hekima. Huwa nauliza: ulimwona kwa macho yako, au uliambiwa? Swali hilo halinipatii marafiki. Lakini mimi wa kwangu nilimwona. Nilimtazama majira yote ya baridi, nikiwa na darubini na daftari, na niliyoyaona si yale yanayosimuliwa nyumbani kwetu.

Mama alikuwa muuguzi. Yeye ndiye aliyeitwa kazini Qatar, yeye ndiye aliyepewa nyumba, na sisi wawili, Baba na mimi, tuliandikwa chini ya jina lake. Kule Butere Baba alikuwa akifundisha useremala katika chuo cha ufundi. Hapa kibali chake cha kukaa kilisema yeye ni mume wa mtu, basi, na hakikumpa ruhusa ya kazi. Wanaume wa ushirika wetu, Wakenya waliokuwa wakiabudu Ijumaa kwa sababu ndiyo siku ya mapumziko, walikuwa na jina la watu kama yeye: mume wa viza. Walilitamka wakicheka, mkono begani mwake. "Mume wa viza, leo umetupikia nini?" Alicheka pamoja nao. Akifika nyumbani aliosha sufuria kana kwamba zimemtukana.

Mimi niliamini kwamba Baba yuko kifungoni. Kwa akili ya mtoto wa miaka minane mambo yote yalilingana: hatoki, hafanyi kazi, kuna karatasi inayomkataza, na Mama ndiye mwenye kadi ya mlango. Nilidhani alifanya kosa kubwa kule kwetu na Mama akakubali kumchunga huku ugenini. Alipokuwa akikaanga vitunguu nilimkazia macho nikitafuta dalili za hilo kosa. Ningependa kusema nilimwonea huruma. Nilimwogopa kidogo na kumdharau kidogo, kama watoto wanavyomdharau mtu mzima anayetumwa dukani.

Halafu akapata kazi. Kwa majaribio, alisema, lakini alisema akiwa amesimama.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye izba, yaani shamba lenye uzio ambalo wenyeji wa huku huwa nalo jangwani, mwendo wa nusu saa kutoka kwetu. Kulikuwa na mbuzi, mikunazi, tangi kubwa la maji lililopata kutu, na kivuli cha maturubai ambapo kozi watatu, ndege wa kuwindia, walikaa juu ya vigogo wakiwa wamefunikwa vichwa kwa kofia za ngozi. Mwenye shamba alikuwa mzee mwembamba ambaye wafanyakazi wote walimwita Arbabu, bosi. Kila mwaka baridi ikianza alinunua hubara waliolelewa na watu, akawaachia ndani ya uzio wake mkubwa ili wasahau mikono ya binadamu. Hubara ni ndege wa jangwani, mkubwa kuliko kanga, rangi yake ni ya mchanga mtupu, na shingo yake ndefu ina mstari mweusi kila upande. Baridi ikielekea kuisha, kabla joto halijachoma kila kitu, Arbabu aliwaalika ndugu zake, akamrusha kozi mmoja kwa hubara mmoja tu: dume jasiri kuliko wote. Huo ndio ulikuwa msimu wake. Hakutaka ndege afukuzwe kwa gari. Alisema hiyo ni michezo ya vijana wasio na adabu. Alitaka mtu awatazame ndege kwa majuma mengi, ajue yupi ni yupi, analala wapi, anakula saa ngapi, anajificha wapi jua likipanda, halafu siku yenyewe amwonyeshe dume lake kwa mbali, likiwa limetulia.

Baba alimwambia yeye si wa kuonyesha tu. Angemwita ndege aje.

Hakudanganya aliposema ametoka kwenye ukoo wa watega ndege. Kwao, kware wakianza kufika mashambani, watu husimamisha mti mrefu na kuutundika matundu ya kusuka kutoka juu hadi chini, kila tundu na kware wa kuitia ndani yake. Alfajiri wale waliofungwa huimba, na walio huru husikia wakaja wakatua kwenye nyasi zilizotegwa. Babu yangu alifanya hivyo, na Baba alikuwa akibeba matundu. Kwake ndege alikuwa kitu kinachokuja kikiitwa. Hakuwahi kujiuliza kama kuna ndege wa aina nyingine, na hilo ndilo kosa lake la kwanza ninaloweza kulithibitisha.

"Nikifaulu," alimwambia Mama mezani, "ananiandikia kibali. Kibali changu. Mlezi wa ndege. Jina langu juu."

"Na chini la nani?" Mama akauliza. Alikuwa ametoka zamu, viatu bado mguuni.

"Chini hakuna mtu."

Mama akajiongezea wali. Lakini kuanzia siku hiyo sufuria zilioshwa kimya, na mimi nilielewa jambo moja tu, kwamba Baba akipata hiyo karatasi kifungo chake kitaisha, na nyumba yetu itakuwa kama za wengine. Nilitaka aipate kuliko nilivyotaka kitu chochote maishani. Naandika hili ili lisisahaulike katika yanayofuata.

Ijumaa tuliacha kwenda ibadani. Mama akiwa zamu, Baba alinichukua shambani, na likizo ilipofika nilienda karibu kila siku, kabla jua halijatoka. Mlinzi wa geti alikuwa Mganda anayeitwa Hakimu, kijana mwenye kifua kipana ambaye kabla ya hapo alisimama mbele ya mlango wa kioo wa jumba moja refu kule West Bay, saa kumi na mbili kwa siku, akiwafungulia watu wasiomsalimia. Shambani alifungua geti vilevile, na alilichukia vilevile. Naye aliitaka ile nafasi ya mlezi wa ndege. Hakuficha.

"Mkenya, sema ukweli," alimwambia Baba siku ya kwanza niliyomwona. "Umewahi ona huyu ndege kabla ya juzi?"

"Ndege ni ndege."

"Eh! Ssebo, hata mimi ni mtu na Arbabu ni mtu. Lakini jaribu kukalia zulia lake."

Baba akanunua ugomvi hapo hapo, wakaanza kutupiana maneno kuhusu nani anazungumza Kiswahili na nani anakibomoa. Mimi nikapewa darubini kuukuu ya Arbabu ili nisiwasumbue.

Nililala kifudifudi nyuma ya lile tangi la maji, viwiko kwenye mchanga, na kwa siku nyingi nikatazama. Kuna utulivu fulani katika kumtazama kiumbe asiyejua kwamba unamtazama. Nyumbani kwetu kila mtu alijua anatazamwa. Niliandika kwenye daftari la hesabu: madume manne, majike sita. Wanatembea peke yao, si kundi kama kanga. Wanakula vidudu na machipukizi. Tai akipita juu wanalala chini, shingo imenyooshwa mchangani, na unaweza kuwakosa hata ukiwa hatua kumi. Nyayo zao zilinishangaza. Vidole vitatu mbele, nyuma hakuna. Nilizipima kwa rula ya shule. Nyuma hakuna kabisa.

Dume mmoja alikuwa na tabia yake. Kila alfajiri alitembea hadi sehemu ileile, uwanja mdogo wenye mawe mawili na kipande cha bomba la plastiki lililovunjika, mbali kidogo ng'ambo ya tangi. Alisimama hapo kama anayefikiri. Kisha manyoya meupe ya shingoni yakaanza kuinuka, yakaumuka kama povu la sabuni, akarudisha kichwa nyuma mpaka kikazama ndani ya hayo manyoya, macho yakafunikwa, na akaanza kukimbia. Alikimbia mbio fupi za haraka akizunguka yale mawe, mpira mweupe wenye miguu, haoni mbele. Alisimama, akashusha manyoya, akatazama huku na huku. Akaanza tena.

Nililia nilipomwona mara ya kwanza. Nilikuwa na hakika kwamba anaona aibu. Kwamba kuna jambo amefanya na sasa anaficha uso na kukimbia, na kwa kuwa yuko peke yake jangwani hana hata pa kukimbilia, anazunguka tu mawe mawili. Niliandika: Dume wa mawe mawili anajivika nyeupe kama bibi harusi, ana aibu kubwa, chunguza kwa nini. Nilimpenda kwa sababu hiyo. Sikumwambia mtu mahali pake. Ilikuwa siri ya kwanza iliyokuwa yangu peke yangu.

Baba naye, huku nikichunguza, alikuwa akijenga. Alileta majani ya mtende, akayaloweka kwenye pipa hadi shamba zima likanuka, akasuka tenga kubwa la mviringo lenye mlango. Mikono yake ilikuwa mizuri kwa kazi hiyo, nakubali. Akaunganisha vyuma viwili vya bomba, akasimamisha mlingoti mrefu kuliko mikunazi yote, akafunga kapi na kamba. Akamkamata jike mmoja wa hubara kwa wavu, akamtia ndani ya tenga, akampandisha.

Hakimu alitoka getini kuja kutazama. "Banange! Mkenya amejenga mnara. Huu ni wa ndege ama wa simu? Mimi naona netiweki imekuwa nzuri leo."

"Cheka," Baba alisema akifunga kamba. "Cheka sana. Utamalizia kicheko ukifungua geti."

Siku tatu nilimtazama yule jike badala ya dume langu. Alilala kifudifudi kwenye sakafu ya tenga, shingo imenyooka, kama wanavyofanya wakiona tai. Upepo ulimyumbisha. Hakula. Hakutoa sauti. Baba alisimama chini tangu alfajiri, kichwa kimeinama upande mmoja, akisubiri wimbo. Uso wake asubuhi hizo ulikuwa uso wa mtoto, na hilo lilinikera, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mtoto na mimi nilikuwa na daftari.

Siku ya nne nikamwendea. Hakimu alikuwa karibu akijaza maji ya mbuzi.

"Baba, haiti."

"Nani haiti?"

"Huyo jike. Nimesikiliza siku tatu. Haiti."

"Anazoea."

"Na madume hawatazami juu. Yule mkubwa kila asubuhi anaenda pale pale, mahali pake, hata hajui kuna—"

"Nanzala."

"—na hawana kidole cha nyuma, Baba. Nimepima. Hawezi kushika tawi. Huyo ni wa chini, ukimweka juu anadhani anakufa."

Hakimu aliacha bomba la maji likimwagika. Baba akatazama nyayo zilizokuwa mchangani mbele yake, na niliona kabisa kwamba amezihesabu. Moja, mbili, tatu. Alijua. Halafu akacheka kile kicheko cha ibadani.

"Unasikia, Hakimu? Mtoto wa muuguzi ananifundisha ndege." Akanirudia. "Hicho kidaftari kampelekee mamako. Yeye ndiye anapenda ripoti."

Mtoto wa muuguzi. Kwa wengine ni maneno madogo. Mimi nilihisi nimevuliwa kitu mbele ya mtu. Nilikuwa nimeamka saa kumi alfajiri kwa majuma kadhaa, nimetambaa mchangani, nimepima vidole vya ndege, yote ili yeye apate karatasi yake, na yeye kwa sentensi moja akanihamishia upande wa Mama na kufunga mlango.

Baadaye Hakimu alinifuata na sambusa mbili kwenye karatasi. "Mwalimu, kula. Baba yako ana kichwa ngumu, mimi sina. Wewe unaandikanga kila kitu. Hiyo mahali pake ni wapi?"

Nilikula sambusa zote mbili. "Sijui," nikasema.

Mtu asiniambie huo ulikuwa uaminifu kwa baba yangu. Nilitaka washindwe wote wawili.

Siku ya wageni ikafika. Zulia lilitandazwa kwenye kijilima, birika la kahawa likiwa juu ya makaa, ndugu watatu wa Arbabu wamekaa kwa utulivu wakiwa wamejifunika mabushti ya baridi. Kozi alikuwa juu ya mkono wa Arbabu, kofia yake imefungwa, kengele ya mguuni ikilia kila alipojigeuza. Baba alivaa shati lake la ibadani. Alimpandisha yule jike juu taratibu, akafunga kamba, akarudi nyuma hatua tano.

Tukangoja.

Mbingu ikawa ya kijivu, kisha ya manjano. Jike alilala. Arbabu alikuwa na subira ya watu wanaowinda. Jua likachomoza. Ndugu mmoja akapiga mwayo akaufunika kwa kiganja. Hakimu alikuwa amesimama kando ya gari, na kwa mara ya kwanza hakuwa akicheka. Ndipo Baba akaweka vidole viwili mdomoni na kupiga mluzi.

Ulikuwa mluzi wa kware. Nilikuwa nimemsikia akiupiga nyumbani, jikoni, siku alizokuwa na furaha. Noti tatu fupi, zenye unyevu wa nyasi. Akaupiga tena. Mwanamume mzima, shati limepigwa pasi, akiwaitia kware wa Butere mahali ambapo hakukuwa na unyasi hata mmoja. Wageni walitazama vikombe vyao. Walikuwa na adabu, na adabu yao ilikuwa mbaya kuliko kicheko.

Baba akaacha. Akageuka akanitazama.

Nimeulizwa maswali mengi na watu wengi tangu siku hiyo, lakini hakuna swali lililokuwa wazi kama lile. Ng'ambo ya tangi, hatua mia tatu, nilijua yule dume alikuwa wakati huohuo akizunguka mawe yake na kichwa ndani ya manyoya. Ningenyoosha kidole tu. Baba angepata kibali. Jina lake juu, chini hakuna mtu.

Arbabu aliyaona macho yetu. Akainama mbele, akaniuliza kwa upole, kwa Kiarabu rahisi cha kuzungumza na watoto, kama mimi najua dume lilipo.

"Sijui," nikasema. Nikasema kwa Kiarabu, kisha nikarudia kwa Kiswahili ili Baba asikose kulisikia.

Arbabu akanitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Halafu akamwagiza Hakimu amshushe yule jike apewe maji. Akasimama, akajipukuta mchanga, akampa Baba mkono. "Msalimie muuguzi, mkeo," alimwambia. "Alinihudumia vizuri hospitalini. Mwambie nilijaribu."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba hata kazi hiyo ilikuwa imeombwa na Mama. Sijui kama Baba naye alijua siku hiyo hiyo au alijua siku zote. Nilikuwa nyuma yake, na shingo yake haikuonyesha kitu. Dereva wa shamba akaturudisha, na njia nzima Baba alitazama dirishani.

Mama alikuwa mezani. "Vipi?" akauliza.

Baba alinawa mikono kwa muda mrefu. "Nimekataa," akasema.

"Umekataa nini?"

"Ungemwona yule ndege, Mama Nanzala. Anacheza peke yake alfajiri, amejivika nyeupe kama bibi harusi. Nikafikiria, huyu nimwite aje auawe? Kwa sababu ya karatasi? Nikawaambia hapana."

Aliyasema akinitazama mimi. Hakuwahi kumwona dume akicheza. Maneno hayo yalitoka kwenye daftari langu, na ndivyo nilivyogundua kwamba alikuwa amelisoma. Mama akaweka kijiko chini, akamshika mkono juu ya meza. Sikuwa nimewahi kuwaona wakishikana mikono. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Lile sijui la shambani nilichagua kulisema. Hili la kukaa kimya nililazimishwa, na ndilo lililoniuma miaka yote.

Majuma machache baadaye nilikutana na Hakimu kwenye duka kubwa akisukuma toroli la nyama ya kulisha kozi. Alikuwa na kibali kipya na darubini shingoni, kama mtu anayetembea na mkufu. "Mwalimu!" akaita kwa sauti. "Wewe ndiye ulinipa kazi, unajua? Ijumaa iliyofuata tulimpata. Mimi sikufuata ndege, bambi. Nilifuata viwiko vyako. Nyuma ya tangi ulikuwa umechimba mchanga kama ng'ombe amelala, na viwiko vyote viwili vinatazama upande mmoja. Nikalala hapo, nikaweka macho pale ulipoweka. Mawe mawili!" Alinionyesha kwa vidole. "Kozi alimshika akiwa bado amefunika uso. Hakuona kitu."

Alinipa pipi. Nilimrushia, ikamgonga begani.

Chuo kikuu nilisoma biolojia, na nadhani sababu haihitaji mganga. Nilisoma kwamba dume wa hubara akifunika uso haoni aibu yoyote. Anajitangaza. Zile mbio zote za upofu ni majivuno: nitazameni, niko hapa, hakuna wa kunishinda. Nililia bure. Nilisoma pia kwamba anapokimbia hutoa mngurumo wa chini sana, ambao sikio la binadamu huupata kwa shida. Kwa hiyo wapo wanaoita, na Baba hakukosea kabisa kusikiliza. Alimpandisha asiyeita, akamsikiliza kwa bidii. Sikufurahi kusoma hivyo. Nilitaka awe amekosea kote.

Na hadithi yake ikakua. Ushirika uliisikia, kisha binamu zangu kule Butere kwa simu, kisha watu nisiowajua. Hakuna tena aliyemwita mume wa viza. Wakawa wanamwita Mzee wa Hubara. Mchungaji aliwahi kuitumia katika mahubiri. Kila nilipoisikia nilihesabu kilichoongezwa: mara Arbabu amepiga magoti, mara ndege amemtazama Baba machoni akaondoka. Marafiki zangu wanaojua saikolojia ya mtandaoni wameniambia kwamba labda alidanganya kwa ajili yangu, ili nisibebe lawama. Nawauliza: mna ushahidi? Hawana. Hata mimi sina wa kinyume.

Mwezi uliopita Mama alistaafu. Siku kibali chake kilipofutwa, cha Baba kilifutwa nacho, kwa ombi moja, maana hakikuwahi kuwa chake. Kabla hawajasafiri tuliwaaga kwa chakula, sebule imejaa, wanaume walewale wa ushirika sasa wana mvi, sahani za chapati zinazunguka. Mmoja wao akasema, "Mzee, kabla hujaenda, tupe ile ya hubara." Baba akajivuta mbele ya kiti. Akaanza. Alipofika kwenye kahawa na zulia, nilisikia sauti yangu.

"Yule ndege aliuawa Ijumaa iliyofuata."

Kijiko cha mtu kiligonga sahani. Mama alinitazama kama anavyomtazama mgonjwa aliyeng'oa mpira wa dripu.

Baba hakushtuka. "Najua," akasema. "Tulimla."

"Nani alimla?"

"Sisi. Hakimu alileta kidari na paja moja, zimefungwa kwenye gazeti. Sijui alitaka kunitukana au kunishukuru, sikumuuliza. Nikakaanga na vitunguu na dania." Akanyoosha kidole kunielekea, kidole ambacho mimi sikunyoosha siku ile. "Wewe uliomba uongezewe. Ulisema huyu kuku ana misuli."

Watu wakaangua kicheko. Walicheka mpaka kiti kimoja kikalia, wakidhani ni utani wa baba na bintiye, na mimi nilikaa katikati ya kicheko hicho nikiutafuta mlo huo katika kumbukumbu yangu na kuukuta, kamili, hadi ladha ya dania.

Baba akachukua chupa ya chai, akapita akiwajazia wageni. Aliponifikia aliinama, akamimina bila kumwaga tone.

"Na mahali pake ulipajua," akasema chini kwa chini. "Usidhani sikuona."

Nilimtazama. Nilikuwa na maswali manne, matano, yote yamepangwa, nimeyapanga kwa miaka. Kwa nini hakusema kwamba ninapajua Arbabu alipokuwa pale, kwa nini hakunipiga, alimdanganya Mama kwa ajili ya nani. Aliningoja kwa muda uliotosha kuuliza moja. Sikuuliza.

Akarudi kitini, akaweka chupa chini, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Basi," akawaambia wageni, "jua linachomoza, wazee wote wananitazama, na mimi nikasema: huyu ndege simwiti."

Nikamwacha amalize.